"Glitch": Neno Lililoingia Kiingereza kwa Mlango wa Pili

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa matumizi wa programu moja ya kompyuta, na neno moja la Kiingereza likanikwamisha kwa siku tatu. Neno lenyewe ni "glitch". Nilikuwa nimekutana nalo mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara niliandika "hitilafu" bila kusita. Safari hii haikuwezekana, kwa sababu mwandishi wa mwongozo alikuwa ameweka mambo mawili kando kwa kando na kuyatenganisha kwa makusudi: panapotokea "glitch", msomaji aliambiwa asubiri bila kugusa kitu, na panapotokea hitilafu ya kweli, aliambiwa azime mashine na kumwita fundi. Kama ningetumia "hitilafu" mahali pote pawili, msomaji wangu angeambiwa katika aya moja hiyo hiyo asubiri na asisubiri.

Nikaanza kuyapima maneno tuliyo nayo. "Hitilafu" tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni tofauti au kutoafikiana, na hata leo watu wawili wakiwa na hitilafu baina yao tunaelewa kwamba jambo hilo limekaa na halijasuluhishwa. "Kasoro" ni upungufu, kama inavyodhihirika tunaposema saa mbili kasoro robo. Kitu chenye kasoro kina sehemu iliyokosekana, na sehemu hiyo haijirudishi yenyewe. "Dosari" ni doa la kudumu, "mushkeli" ni ugumu unaozuia kazi, na "kosa" linamtafuta aliyelitenda. Yote ni maneno mazuri, lakini hakuna hata moja linalobeba maana ya jambo linalotokea ghafla, likavuruga mambo kwa kitambo kidogo, kisha likapita huku kila kitu kikiendelea kama kwamba hapakuwa na lolote.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, nikafungua kamusi ya Kiingereza ili nione neno hilo limetoka wapi. Kamusi ya Merriam-Webster inasema kwamba huenda limetokana na neno la Kiyidishi "glitsh", lenye maana ya mahali penye utelezi, ambalo nalo limetokana na kitenzi "glitshn", yaani kuteleza. Niliposoma hivyo methali ikanijia yenyewe: kuteleza si kuanguka. Maneno hayo matatu yalikuwa yamekwisha kueleza tofauti ambayo mwandishi wa mwongozo alihitaji aya nzima kuifafanua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia ukoo wa neno hili, na ninataka kuueleza hapa kwa kirefu, kwa sababu naona ni miongoni mwa safari za kupendeza ambazo neno limewahi kufunga.

Tuanze mbali kidogo. Lugha za Kigermanik, yaani jamii inayojumuisha Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi na nyinginezo, zilikuwa na kitenzi cha kale kilichomaanisha kwenda kwa ulaini juu ya kitu, bila kishindo na bila kukwama. Wataalamu wa historia ya lugha wamekijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizokizaa, na kiini chake kilikuwa na sauti za g, l, i na d. Katika karne ya 5, Waanglia, Wasaksoni na makabila ya jirani zao walipovuka bahari kwenda kisiwa cha Britania, walikichukua kitenzi hicho kama walivyochukua maneno yao mengine yote. Huko kikawa "glidan" cha Kiingereza cha Kale, na leo ni "glide". Ndege anayeelea angani bila kupiga mbawa, mashua inayokata maji yaliyotulia, mcheza dansi ambaye nyayo zake hazisikiki sakafuni: hao wote huelezwa kwa kitenzi hicho. Kumbuka sauti ya d iliyomo katikati yake, maana hadithi yote imefungwa hapo.

Waliobaki bara, hasa wale wa nyanda za juu za kusini, walipatwa na badiliko kubwa la matamshi katika karne zilizofuata. Konsonanti zao kadhaa zilihama kutoka mahali pake, na mojawapo ya mabadiliko hayo liliifanya d ya kale kuwa t. Ndiyo maana Mwingereza anayesema "day" kwa siku husikia kwa Mjerumani "Tag", "door" ya Mwingereza ni "Tür" kwa Mjerumani, na "deep" ni "tief". Katikati ya neno mambo ni hayo hayo: "ride" ya Kiingereza hukutana na "reiten", "side" hukutana na "Seite", na "glide" hukutana na "gleiten". Kwa kuwa Waanglia na Wasaksoni walikuwa wamekwisha kuondoka, wimbi hilo halikuwafikia. Wale waliobaki wakaendelea kukizungusha kitenzi chao kipya chenye t, wakakiongezea sauti ya s ili kukipa nguvu zaidi, kama Kiswahili kinavyozalisha kitenzi kutoka kitenzi kwa kubadili mwisho wake, na hatimaye likapatikana neno "glitschen". Hili halina tena utulivu wa "gleiten". Anayefanya "gleiten" anajua anakokwenda. Anayefanya "glitschen" mguu umemtoka.

Kwa hiyo t inayosikika ndani ya "glitch" ni kama muhuri wa forodha ndani ya pasi ya kusafiria. Inatuambia kwamba neno hili, ingawa ni la damu moja na "glide", halikuvuka bahari pamoja na ndugu yake katika karne ya 5. Lilibaki bara, likapitiwa na badiliko la konsonanti, na likaja kukifikia Kiingereza zaidi ya miaka 1400 baadaye kwa njia nyingine kabisa. Ndugu hao wawili sasa wanaishi katika lugha moja, na wasemaji walio wengi hawana habari kwamba wana babu mmoja.

Njia hiyo nyingine ni Kiyidishi. Lugha hii ilichipuka miongoni mwa Wayahudi walioishi katika miji ya Ujerumani ya enzi za kati, kama vile Mainz, Worms, Speyer na Regensburg. Walichukua Kijerumani cha majirani zao na kukiunganisha na Kiebrania na Kiaramu walivyokuwa wakivisoma katika ibada na elimu yao, na kwa maandishi wakatumia herufi za Kiebrania. Sentensi ya kale kuliko zote inayojulikana ya lugha hiyo imo katika kitabu cha sala za sikukuu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1272 na kuhusishwa na mji wa Worms. Mwandishi aliichopeka ndani ya nafasi zilizo wazi za herufi kubwa za neno moja la Kiebrania, na inamtakia siku njema mtu atakayekibeba kitabu hicho hadi sinagogi. Kitabu chenyewe kilikuwa kizito, kwa hiyo mbebaji alistahili dua. Maneno mawili ya kwanza ni "gut tak", siku njema. Hapo unaiona tena ile t mwanzoni mwa neno la siku, badala ya d ya Kiingereza. Unaona pia kwamba jina la kitabu na jina la sinagogi ni ya Kiebrania, ilhali kitenzi na mpangilio wa sentensi ni vya Kigermanik.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linanigusa. Kwa karne nyingi Kiyidishi kiliitwa Kijerumani kilichoharibika, na baadhi ya waliokiita hivyo walikuwa wasomi, wakiwemo Wayahudi wenyewe walioona haya kukizungumza. Sisi tunaotumia Kiswahili tunaijua hukumu ya namna hiyo. Tumeambiwa mara ngapi kwamba lugha yetu ni Kiarabu kilichochanganywa, kwa ushahidi wa maneno kama kitabu, elimu na habari? Anayesema hivyo husahau kwamba tulipolipokea neno "kitabu" tulilipa wingi wa "vitabu", tukaichukua silabi yake ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, na tangu hapo kitabu kinasomwa, kinauzwa na kinapotea kwa sarufi ya Kibantu. Wasemaji wa Kiyidishi walifanya vivyo hivyo: waliweza kuchukua mzizi wa Kiebrania wakauvika kiambishi cha Kigermanik, na baadaye, walipohamia mashariki kwa sababu ya mateso na mauaji yaliyofuatia vita vya msalaba na tauni ya 1348, wakaongeza maneno na viambishi vya Kislavoni walivyovikuta Poland na nchi jirani. Lugha inayoweza kufanya hivyo haijaharibika. Ina nguvu ya kumeng'enya inachokila.

Katika lugha hiyo, "glitsh" lilikuwa neno la kawaida kabisa la maisha ya nchi zenye baridi kali. Huandikwa kwa herufi tano, na hutaja mtelezo wenyewe au mahali penye utelezi. Kitenzi chake hutumika kwa mguu unaoponyoka na pia kwa mtoto anayeserereka juu ya barafu kwa furaha. Sifa yake, "glitshik", ni ya njia iliyoganda, ambayo mpita njia huiona tu anapokuwa amekwisha kuikanyaga. Sidhani kama kuna aliyelisema neno hilo katika kijiji chochote cha mashariki mwa Ulaya akiwaza kwamba siku moja lingetajwa katika mazungumzo ya wanaanga.

Kati ya mwaka 1881, wimbi la mashambulizi dhidi ya Wayahudi lilipozuka katika himaya ya Urusi, na mwaka 1924, Marekani ilipopitisha sheria iliyoubana sana uhamiaji, Wayahudi zaidi ya milioni 2 kutoka mashariki mwa Ulaya walihamia Marekani. Wengi walishukia New York. Huko walianzisha magazeti, likiwemo Forverts lililoanza mwaka 1897, wakafungua majumba ya maigizo ya Kiyidishi, na watoto wao wakaingia kwa wingi katika burudani ya Kiingereza: vichekesho vya jukwaani, muziki, filamu, na hatimaye redio. Maneno yao yakawafuata kazini. "Shtik", yaani kipande, ambalo ni ndugu wa "Stück" la Kijerumani, likawa jina la kipengele ambacho mchekeshaji hujulikana nacho. "Klots", yaani gogo, likawa jina la mtu anayeangusha kila anachoshika. "Shlepn", kuburuta, likawa kitenzi cha kubeba mzigo kwa shida au kujikokota kwenda mahali ambapo mtu hakutaka kwenda. Maneno haya yote yana mizizi ya Kigermanik, yote yalipitia Kiyidishi, na yote yaliingia Kiingereza kutoka midomoni mwa watu waliokuwa kazini, bila kusubiri ruhusa ya kitabu chochote.

Nilitaja kwamba kamusi inasema "huenda", na ni haki kulieleza neno hilo. Hakuna karatasi iliyosalia inayoonyesha mtu fulani akilitoa "glitsh" katika Kiyidishi na kulitia katika Kiingereza siku fulani. Isitoshe, Marekani ilikuwa na wahamiaji wengi wa Kijerumani, na neno lingeweza kutoka kwao moja kwa moja. Mimi binafsi naegemea upande wa Kiyidishi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiyidishi kina nomino iliyo tayari, yenye umbo lile lile na matamshi yale yale, ilhali kutoka Kijerumani tungelazimika kuanza na kitenzi na kukikata mwisho wake. Ya pili ni mahali neno lilipojitokeza mara ya kwanza, yaani katika redio, ambako maneno ya Kiyidishi yalikuwa yakisikika kila siku nyuma ya maikrofoni. Ushahidi wa namna hii ni kama nyayo. Hauonyeshi uso wa aliyepita, lakini unaonyesha alikotoka na alikoelekea.

Kwa muda mrefu wanakamusi waliamini kwamba neno hili lilizaliwa katika safari za anga, kwa kuwa mfano wa kale zaidi waliokuwa nao ulikuwa wa mwaka 1962. Magazeti ya zamani yalipoanza kuwekwa katika hifadhi za kidijitali, ikaonekana kwamba neno lilikuwa na umri mkubwa zaidi. Mnamo Mei 1940 mwandishi Katharine Brush aliwaeleza wasomaji wa safu yake ya gazetini kwamba watangazaji wa redio walikuwa na majina mawili ya makosa ya kusema: dogo waliliita "fluff", na kubwa waliliita "glitch". Mwigizaji Tony Randall naye alisimulia kwamba alilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1941 alipoajiriwa kuwa mtangazaji wa kituo cha WTAG mjini Worcester, Massachusetts. Pale kituoni, mtangazaji aliyeweka sahani ya muziki isiyo yake au kusoma tangazo la biashara lisilo lenyewe alipaswa kuliandika kosa hilo katika fomu maalumu iliyochapishwa kwa kazi hiyo tu, na fomu hiyo ilikuwa na neno "glitch" katika jina lake. Watangazaji wakongwe walimwambia kwamba neno hilo lilikuwapo tangu walipoanza kazi.

Fomu hiyo inanivutia kuliko ushahidi mwingine wote. Redio ya siku hizo ilikwenda hewani moja kwa moja. Lililotoka kinywani lilikuwa limetoka, na halikuwezekana kukatwa wala kurekodiwa upya. Ulimi hauna mfupa, na ukiteleza mbele ya maelfu ya wasikilizaji, kitu pekee anachoweza kufanya mtangazaji ni kuendelea. Nadhani neno la barafu lilipendwa kwa sababu hiyo. Mtangazaji hakuwa amevunja kitu, wala hakuwa mjinga. Alikuwa amekanyaga pasiposhikika, akayumba, akasimama tena, na kipindi kikaendelea. Na sisi tunasema ulimi umeteleza, na wahenga walitutahadharisha kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Watu wa lugha zilizo mbali kabisa wameuchukua mguu na kuukabidhi ulimi matatizo yake.

Kutoka redio neno likahamia kwa mafundi wa televisheni katika miaka ya 1950, na hapo likabadilika kwa namna ambayo ni rahisi kupitwa nayo. Katika redio aliyeteleza alikuwa mtu. Katika televisheni kilichoteleza kilikuwa ishara ya umeme: mstari wa mlalo uliokatisha picha kwa sababu ya usumbufu kutoka nyaya za umeme, au mtikisiko wa kitambo kidogo mahali vipande viwili vya utepe vilipounganishwa bila mapigo yake kuwiana. Neno lilikuwa limeacha kumhusu mwanadamu na kuanza kuihusu mashine, lakini picha iliyomo ndani yake ilibaki ile ile. Picha hukaa sawa, huponyoka, hukaa sawa tena.

Kisha likapanda angani. Mwaka 1962 wanaanga saba wa mradi wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, walichapisha kitabu cha pamoja kuhusu kazi yao, na ndani yake John Glenn alieleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wamelipokea neno hili ili kutaja baadhi ya matatizo waliyokumbana nayo. Kwa maana yake ya kifundi, alisema, ni kuruka kwa ghafla kwa volteji katika saketi inapotwishwa mzigo mpya. Mfano wake ni taa za nyumba zinazofifia kwa kitambo kidogo pale kifaa kizito kinapowashwa, kisha zikarudia mwanga wake.

Glenn alikuwa na sababu ya kulijua vizuri jambo la namna hiyo. Tarehe 20 Februari 1962 aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha Friendship 7, akiwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Akiwa huko juu, waongozaji walioko ardhini walipokea ishara kwamba ngao ya kuzuia joto ilikuwa imelegea. Kama ishara hiyo ingekuwa ya kweli, chombo kingeteketea wakati wa kuingia katika angahewa. Wakamwagiza asiuachie mfuko wa roketi za kupunguza mwendo uliofungwa juu ya ngao, kwa matumaini kwamba mikanda yake ingeishikilia, na akashuka huku akiona vipande vinavyowaka vikipita dirishani. Alifika salama baharini, na ikabainika kwamba ngao ilikuwa imara muda wote. Swichi moja ndiyo iliyotoa ishara ya uongo. Nikisoma kisa hicho naelewa kwa nini watu wale walihitaji neno la kutenganisha mtelezo na anguko. Kwao tofauti hiyo ilikuwa baina ya kurudi nyumbani na kutorudi, na hawakuwa na njia ya kuijua mapema. Kufikia Julai 1965 gazeti la Time lilikuwa likiwafafanulia wasomaji wake kwamba hilo ni neno la watu wa anga la kutaja usumbufu unaoudhi, na baada ya muda si mrefu hawakuhitaji tena kufafanuliwa.

Wahandisi wa kompyuta walilipa neno hili maana iliyo wazi kuliko zote, na ningependa kuieleza kwa sababu inaonyesha jinsi picha ya utelezi inavyoweza kuwa sahihi hata kisayansi. Katika saketi ya kidijitali, ishara moja mara nyingi hugawanyika na kupita njia mbili kabla ya kukutana tena mbele. Njia moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, hata kwa sehemu ndogo mno ya nukta, yaani sekunde, ishara moja itatangulia na nyingine itachelewa, na katika mwanya huo jibu la saketi litakuwa la uongo. Mara tu ile iliyochelewa inapowasili, jibu linajisahihisha. Hakuna kilichoharibika na hakuna cha kutengenezwa. Mguu mmoja umetangulia kabla mwingine haujakanyaga. Hapo ndipo "glitch" inapoachana na "bug", neno la mdudu, ambalo Thomas Edison alikuwa akilitumia kwa kasoro za vifaa vyake tangu mwaka 1878, na ambalo lilipata kisa chake mashuhuri tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo halisi ndani ya mashine wakambandika katika daftari la kazi. Mdudu yumo ndani na hukaa mpaka atolewe. Mtelezo hupita.

Matumizi ya baadaye, katika michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hupenya ukuta usiopenyeka, au katika sanaa na muziki wa miaka ya 1990 uliotengenezwa kwa makusudi kutokana na milio ya mashine zilizokwama, yanajulikana na sitayarefusha. Kuna moja tu ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu limelipeleka neno la barafu mbali kuliko mahali pengine popote.

Nyota za nutroni ni mabaki mazito mno ya nyota kubwa zilizolipuka, na zile zinazoitwa palsa huzunguka kwa kasi kubwa na kutoa mapigo ya mawimbi ya redio kwa utaratibu unaokaribia ule wa saa bora. Palsa ya Vela, iliyo umbali wa miaka ya nuru inayokaribia 1000, huzunguka takriban mara 11 kwa kila nukta, na kadiri siku zinavyopita hupunguza mwendo polepole sana. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa kuendelea. Lakini mwaka 1969, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, watafiti waliokuwa wakiifuatilia huko Australia na Marekani waligundua kwamba mwendo wake ulikuwa umeongezeka ghafla, kwa kiasi cha kama sehemu 2 katika milioni. Baadaye ikaanza tena kurudia mwenendo wake wa kupunguza mwendo, ingawa si kikamilifu. Wanafizikia waliliita tukio hilo "glitch", na tangu hapo yamerekodiwa mengine mengi katika nyota hiyo na nyinginezo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ndani ya nyota mna majimaji ya nutroni yasiyo na msuguano wowote, yanayoendelea kuzunguka kwa kasi ya zamani huku gamba la nje likipunguza mwendo. Tofauti inapokuwa kubwa mno, mshikamano baina ya sehemu hizo mbili huachia, na gamba hupokea kasi ya ndani kwa mkupuo mmoja. Sidhani kwamba wanasayansi hao walikuwa wakiifikiria asili ya neno walilolitumia. Hata hivyo walikuwa wakizungumzia kitu laini kupita vyote, na kitu kigumu kinachoteleza juu yake.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wasemaji wa Kiyidishi walikadiriwa kufikia milioni 11. Mamilioni yao waliuawa katika mauaji ya halaiki yaliyofanywa na utawala wa Wanazi, na miji ambayo neno "glitsh" lilikuwa likisikika kila majira ya baridi ilibaki bila watu wa kulisema. Lugha haikufa, bado inazungumzwa na kusomeshwa, hasa katika jumuiya za Wayahudi wa Hasidi, kundi linaloshika dini kwa dhati, huko Marekani, Israeli na kwingineko. Lakini kila ninapolikuta neno hili katika maelezo ya programu, sioni tena istilahi ya kiufundi peke yake. Naona pia watu waliolibeba, na kwamba wengi wanaolitumia leo hawajui lilikuwa mzigo wa nani.

Nikarudi katika mwongozo wangu. Mahali ambapo tatizo lilikuwa la kudumu niliacha "hitilafu" kama ilivyokuwa. Mahali palipokuwa na "glitch" niliandika "mtelezo", na pale kilipohitajika kitenzi nikaandika "kuteleza", kwa kuwa Kiswahili, kama Kiyidishi, tayari kilikuwa na neno la mguu lililokubali kuutumikia ulimi, na sikuona sababu ya kulikataza lisiitumikie mashine. Mhariri aliyeipitia kazi yangu alizungushia duara neno hilo mara zote 11 lilipotokea na kuandika pembeni kwamba wasomaji hawajalizoea. Nilimjibu kwa barua ndefu, ambayo kwa kweli ndiyo mbegu ya makala haya. Alikubali lipite, kwa sharti kwamba litakapotokea mara ya kwanza liwe ndani ya sentensi inayojieleza. Sentensi tuliyokubaliana ni hii: "Skrini ikiteleza kwa nukta chache mara baada ya kuwashwa, usiguse kitu, subiri, nayo itasimama sawa yenyewe."